Kabla ya kununua RAM ng'ambo ya mpaka, fungua kompyuta kwanza

KATIKA vibanda vya mafundi vilivyo jirani na soko la Kimironko, jijini Kigali, kompyuta ya mezani huundwa kidogo kidogo kadiri mfuko unavyoruhusu. Mwezi huu mtu ananunua sanduku, mwezi ujao bodi mama, diski anaitoa kwenye mashine iliyokufa. Sehemu nyingi hazisumbui sana. Inayowaliza watu ni kumbukumbu, yaani RAM, kwa sababu kwa macho vipande vyake vyote hufanana.

Jirani yangu mmoja, mama anayefanya biashara ya vitenge kati ya hapa na Kampala, alinigongea mlango jioni moja akiwa na vipande viwili alivyovifunga kwenye karatasi. "Mwalimu, nimekuletea kazi," alisema. Alikuwa akimuundia mwanawe kompyuta ya kujifunzia kuandika programu, na mwenyewe alitaka kuweka humo hesabu za vitenge vyake. Muuzaji wa huko alimhakikishia kwamba hiyo ni RAM ya kompyuta ya mezani, gigabaiti 8 kila kipande. Hakumdanganya. Lakini nilipojaribu kuvichomeka viligoma. Bodi yake ilikuwa ya DDR4, vipande vilikuwa DDR3.

"Sasa, Mwalimu, huwezi kuvilazimisha kidogo?" aliuliza.

Hapana, mama. Faida ya safari mbili ilikuwa imelala pale mezani, risiti hakuna, na Kampala ni kama kilomita 500 kutoka hapa.

Msomaji anayevuka mpaka, uwe unapitia Gatuna, Rusumo au Gisenyi, afahamu kwamba RAM ina vizazi. DDR3 iliingia madukani mwaka 2007, DDR4 ikafuata 2014, na DDR5 ikaanza kutumika kwenye kompyuta za mezani mwaka 2021. Vizazi hivi havichanganyiki hata kidogo. Umeme vinaotumia ni tofauti: DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, DDR4 volti 1.2 na DDR5 volti 1.1. Ili mtu asije akaunguza bodi, watengenezaji wameweka pengo dogo kwenye ukingo wenye meno ya dhahabu, na kila kizazi pengo lake liko mahali pake. Kipande kikikataa kuingia, usikisukume. Kinakuambia ukweli.

Anayeamua, basi, ni bodi mama. Ndiyo maana nasema sanduku lifunguliwe kwanza, jina na namba ya bodi visomwe, vipigwe picha kwa simu, na kipande cha zamani kama kipo kipigwe picha pia. Jina la kompyuta kwa nje halitoshi. Dell OptiPlex 3020 na OptiPlex 3050, zote zikiwa mitumba inayozunguka sana Afrika Mashariki, zina majina yanayokaribiana, lakini ya kwanza inataka DDR3 na ya pili DDR4. Hapa Rwanda nguo za mitumba tunaziita caguwa, neno lililotoka kwenye Kiswahili, "chagua". Kwenye nguo unachagua kwa kujipimia. Kwenye RAM unachagua kwa kusoma karatasi ndogo iliyobandikwa juu yake.

Karatasi hiyo inatisha, lakini inasomeka. Tuseme imeandikwa 8GB 1Rx8 PC4-2400T-UA2-11. Hiyo 8GB ni ukubwa. PC4 maana yake ni DDR4. Ingekuwa PC3 ingekuwa DDR3. 2400 ni kasi. Wakati mwingine kasi huandikwa kwa hesabu nyingine, kwa mfano PC3-12800, na watu hudhani ni kitu kipya. Gawanya kwa 8: utapata 1600, yaani ni DDR3 ya kasi ya 1600 tu.

Herufi ya kuitazama kwa makini ni ile inayoonesha aina ya kipande, kama U inayoanza UA2 kwenye mfano wetu. U ni ya kompyuta ya mezani ya kawaida. S ni ya kompyuta ya mpakato, nayo ni fupi, utaitambua. R ni ya seva. Hiyo R ndiyo mtego mkubwa, maana RAM zinazotolewa kwenye seva zilizostaafu mara nyingi huuzwa kwa bei ya kuvutia. Zina urefu uleule, pengo mahali palepale, zinaingia vizuri kabisa kwenye bodi ya DDR4, na kompyuta haiwaki. Usiichanganye na R iliyo ndani ya 1Rx8; hiyo inaeleza mpangilio wa chipsi tu.

Je, ununue kubwa kiasi gani? Windows 11 inataka gigabaiti 4 kama kiwango cha chini, lakini kwa gigabaiti 4 mtoto atafungua kurasa chache za intaneti halafu aanze kusubiri. Kwa masomo na hesabu za duka, 8 zinatosha. Kwa kuhariri video za harusi, nenda 16. Mimi ningeweka ukubwa mbele ya kasi, kwa sababu ukichanganya kipande cha haraka na cha polepole vyote hufuata cha polepole. Vipande viwili vinavyolingana ni bora kuliko kimoja kikubwa, hasa kompyuta isiyo na kadi ya picha, kwani bodi huvisoma vyote kwa pamoja. Ila kama bodi ina nafasi mbili tu na unapanga kuongeza baadaye, kimoja kikubwa nacho kina akili yake.

Bei nayo si ya kuizoea. Mwishoni mwa mwaka 2025 ilipanda duniani kote, viwanda vilipoelekeza chipsi kwenye vituo vya akili mnemba. Ukikosea sasa unakosea kwa fedha nyingi.

Ukipata kilicho sahihi, chomoa waya wa umeme na gusa chuma cha sanduku kabla ya kushika kipande, ili umeme tuli wa mwilini usikiharibu. Kama ni cha mtumba, futa meno yake taratibu kwa raba ya penseli. Kisha kijaribu. Programu ya MemTest86 huwekwa kwenye fleshi na kuachwa ifanye kazi kwa saa kadhaa. Kibandani fundi atakuwashia kompyuta dakika mbili akuambie "iko sawa". Dakika mbili hazioneshi kitu.

Safari iliyofuata jirani yangu alikwenda na picha za bodi kwenye simu. Alirudi na vipande viwili vya DDR4, vyote vina U. Nikaviweka nafasi ya pili na ya nne, kama kitabu cha bodi kilivyoelekeza, na jaribio likaendelea hadi saa tisa usiku. Makosa: sifuri. Vile viwili vya kwanza bado viko kwenye droo yangu, akisubiri mnunuzi mwenye bodi ya DDR3.