Sauti ya Bibi Ndani ya Rimoti ya Ndege



Wapo watoto wengi katika mji huu wa London ambao Kiswahili chao hukomea kwenye shikamoo. Bibi apigapo simu kutoka nyumbani, mtoto huamkia, kisha humrudishia mzazi simu upesi kama aliyeshika kaa la moto. Mjukuu wetu wa miaka 12 alikuwa miongoni mwao. Sisi tuliofundisha Kiswahili muda mrefu hatukuipata dawa yake vitabuni. Tuliipata katika mchezo aupendao, nao ni kurusha ndege ndogo za mfano.

Ndege hizo huongozwa kwa rimoti yenye vijiti viwili. Kwa mpango utumiwao zaidi hapa Uingereza, kijiti cha kushoto hushika kasi ya mota na usukani. Cha kulia huinua na kushusha pua, na kuilaza ndege ubavu. Rimoti itokayo dukani ni kama kanzu iliyoshonwa tayari: yavalika, lakini haikupimwa mwilini mwako. Kwa hiyo tulilegeza springi za vijiti kwa bisibisi ndogo, maana vidole vya mtoto vilikuwa vikishindana nazo. Tukapunguza pia ukali wa vijiti karibu na katikati, ili mkono unaotetemeka usiitetemeshe ndege. Swichi moja tukaipa kazi ya kuzima mota tu, kwani rafadha inayozunguka hukata kidole.

Rimoti yetu hutumia EdgeTX, programu ya bure iliyochipuka kutoka OpenTX mwaka 2021. Kila neno inalolisema ni faili la sauti ndani ya kadi ya kumbukumbu. Ukiweka faili lako kwa jina lile lile, rimoti husema utakavyo. Tukamwomba dada yetu mkubwa aliyeko Mombasa, ambaye mtoto humwita Bibi, atutumie sauti yake kwa simu.

Ujumbe wa kwanza ulijaa adabu: "Mjukuu wangu, betri yako yakaribia kwisha, tafadhali iteremshe ndege taratibu, Mungu akuhifadhi." Ndege ilifika majanini kabla Bibi hajaifikia dua. Tulivunja bawa moja.

Tulipomweleza, Bibi alicheka sana. Marehemu baba yetu alikuwa nahodha wa jahazi. "Kumbe ni kama chomboni," akasema. "Nahodha hatoi hotuba kwenye dhoruba." Akatutumia maneno mawili ya mabaharia: "Tweka!" kwa kupaa, na "Tua!" betri inapopungua. Tanga hutuliwa, na ndege hutua. Neno ni lile lile.

Baadaye tukazibadili tarakimu. Rimoti, kwa kuufuata mtindo wa Kiingereza, ilisema: "Kumi na moja volti." Mtoto akageuka, akatuambia, "Babu, Bibi hasemi hivyo." Hakuna aliyemwuliza, wala hakusema kwa Kiingereza. Tukalifanya faili la kipimo kuwa kimya, na neno "volti" tukaliamuru lisemwe mwanzo.

Mzazi atakayejaribu na anakili kwanza kadi nzima kwenye kompyuta, na aing'oe rafadha kabla ya kupima swichi yoyote. Sheria nayo ifuatwe. Kwa ndege ya gramu 250 au zaidi, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza hudai nambari ya mmiliki na nambari ya mrushaji, na mrushaji hufanya mtihani mfupi. Ndege isipande zaidi ya mita 120 kutoka ardhini, wala isirushwe bila ruhusa katika maeneo yaliyozuiwa kuzunguka viwanja kama Heathrow na London City. Klabu ni mahali pema pa kuanzia. Chama cha taifa cha mchezo huu, kilichoasisiwa mwaka 1922, huwapa wanachama wake bima.

Siku hizi mtoto hampi tena mzazi simu. Humpigia Bibi mwenyewe, amwulize neno la upepo wa ubavuni, au la mawimbi, kisha huliingiza kwenye kadi. Bibi ana miaka 79, na sauti yake imeanza kuchoka. Nakala za kadi ile tumezihifadhi mahali pawili.