Je, Wajua? Doa la ngozini na limfoma ya majini

Je, wajua kwamba madoa ya ngozini na saratani ya limfu vinaweza kusababishwa na kirusi kimoja?

Saratani ya Kaposi ni uvimbe wa mishipa, nayo ilielezwa mwaka 1872 na Moritz Kaposi, daktari wa ngozi wa Vienna. Huanza kwa madoa ambayo kwa kawaida hayawashi wala hayaumi, aghalabu miguuni. Vitabu huyaita ya zambarau, lakini kwenye ngozi nyeusi huwa ya kahawia iliyokoza au meusi kabisa, na ni rahisi kuyadhania makovu. Ndiyo maana inafaa kuyatafuta kwenye kaakaa pia. Huko Uganda na mashariki mwa Kongo, ugonjwa huu ulijulikana muda mrefu kabla ya UKIMWI. Mwaka 1961 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Kampala kuujadili.

Chanzo kilipatikana mwaka 1994. Yuan Chang na mumewe Patrick Moore, wakiwa New York, walilinganisha DNA ya uvimbe na ya sehemu isiyo na uvimbe ya mwili wa mgonjwa yuleyule, wakakuta vipande vya kirusi kigeni. Vipande hivyohivyo vilionekana katika baadhi ya limfoma walizopima. Mwaka uliofuata, wakiwa pamoja na Ethel Cesarman, walikithibitisha katika limfoma ambayo kwa kawaida haina hata kijivimbe cha kushika. Seli zake huelea ndani ya maji yanayojaa kifuani, tumboni au kuuzunguka moyo. Daktari akiyavuta maji hayo kwa sindano, ameivuta saratani yenyewe.

Kirusi hiki huambukizwa zaidi kwa mate, kisha hujificha ndani ya seli B za kinga na ndani ya seli za kuta za mishipa. Wengi hawaugui kamwe. Hatari huongezeka kinga inaposhuka kwa VVU, au kwa dawa za aliyepandikizwa figo. Linalonistaajabisha zaidi ni hili: kikiingia kwenye seli ya mshipa wa damu, huigeuza ikafanana na ya mshipa wa limfu.

Ndugu yake ni kirusi cha Epstein-Barr, kilichogunduliwa London mwaka 1964 katika uvimbe uliotoka Uganda, kwa daktari Denis Burkitt. Katika limfoma ile ya majini, mara nyingi virusi hivi viwili hukutwa ndani ya seli moja.

Mwenye VVU akianza ARV mapema, madoa ya Kaposi yanaweza kusinyaa kwa dawa hizo peke yake.