Nazaré na Walinzi wa Mawimbi

Katika pwani ya magharibi ya Ureno, mwendo wa kilometa 120 hivi kaskazini ya Lisbon, uko mji wa wavuvi uitwao Nazaré. Juu ya jabali lililochomoza baharini imesimama ngome ambayo Mfalme Sebastião aliamuru ijengwe mwaka 1577, ili ufuko ulindwe dhidi ya maharamia. (Miaka 16 baadaye Wareno hao hao walianza kuijenga Ngome ya Yesu huko Mombasa.) Siku hizi ngome ya Nazaré haingojei merikebu za adui. Baina ya Oktoba na Machi watu hupanda huko kwa maelfu, kutazama mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao.

Mawimbi hayo hayana mfano. Chini ya bahari pana korongo lenye urefu wa kilometa zipatazo 200, ambalo kina chake huko mbali hukaribia meta 5,000, nalo huishia karibu kabisa na jabali. Wimbi litokalo katika dhoruba za Atlantiki hupita upesi juu ya korongo, lakini sehemu yake ipitayo juu ya maji machache hupungua mwendo. Sehemu hizo mbili hukutana mbele ya jabali, zikapandana. Novemba 2011 Mmarekani Garrett McNamara aliteleza juu ya wimbi la meta 23.8, Oktoba 2020 Mjerumani Sebastian Steudtner akafikia meta 26.21, yaani kimo cha nyumba ya ghorofa nane.

Majina hayo yamekwisha vuma. Sisi twapenda kuwataja wale wasiopigwa picha. Wimbi la namna hiyo lina mbio hata mtu hawezi kulifikia kwa kupiga maji kwa mikono, basi huvutwa kwa kamba na pikipiki ya majini. Dereva akisha kumwachia hukaa tayari, kwani mwenzake akianguka, ana nukta chache tu za kumwopoa kabla wimbi la pili halijawafunika wote wawili. Naye hawezi kuona mbali, maana povu limemzunguka. Macho yake yako juu ya jabali, kando ya mnara wa taa: ni mtu mwenye redio ya mkononi, anayemwelekeza mahali kichwa kilipoibukia. Askari aliyewahi kushika zamu kilimani, wenzake wakiwa bondeni, ataielewa kazi hii bila kufundishwa.

Oktoba 2013 Maya Gabeira wa Brazil alianguka hapo, akavunjika mguu na kuzimia majini. Mwenzake Carlos Burle alimfikia, akamtoa pwani, akarudishiwa pumzi mchangani. Mwanamke huyo alirudi Nazaré, na Februari 2020 akateleza juu ya wimbi la meta 22.4.

Wenyeji waliyajua mawimbi haya zamani, kwa uchungu. Kabla ya bandari kujengwa katika miaka ya 1980, wavuvi waliziingiza mashua zao baharini kutoka mchangani, na wake zao walingoja ufukoni; wengi walirudi nyumbani kuvaa nguo nyeusi. Mvuvi alikwenda kutafuta chakula cha watoto. Mchezaji huenda kwa hiari yake, na wako waulizao kama ni haki mwokoaji ahatarishe roho kwa ajili ya mchezo. Swali hilo si la kupuuzwa, hasa kwa kuwa mchezo huu umeuletea mji fedha nyingi za wageni. Lakini mwokoaji akisha kuona kichwa cha mtu majini, haulizi kilichompeleka huko.

Wala si kila mara juhudi hufaulu. Tarehe 5 Januari 2023 Márcio Freire wa Brazil, mzoefu wa miaka mingi mwenye umri wa miaka 47, alianguka mbele ya jabali hilo. Pikipiki zilimfikia, akaletwa mchangani, waokoaji wakajitahidi kumrudishia pumzi. Hakuamka.