Mkimbiaji aliyekuwa mkimbizi

KIJITI chenyewe kilikuwa kipande cha bomba la maji, kimezungushiwa utepe wa mpira wa baiskeli ili kisiteleze mkononi. Vijana wanne walikuwa wakikipokezana kwenye uwanja wa vumbi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wenzao wakishangilia kwa Kiswahili cha Kongo, Kirundi, Kinyarwanda na Kisomali. Aliyekimbia wa mwisho, mvulana wa miaka kama kumi na mitatu, aliwapita wapinzani wawili kwenye kona kana kwamba wamesimama.

Nilimwita nikampongeza. Akashusha pumzi, kisha akaniuliza: "Mwalimu, nikiwa mkubwa nitakimbilia nchi gani?"

Mwanzoni nilidhani anauliza atorokee wapi. Kumbe aliuliza habari ya jezi: atavaa bendera ya nani?

Sikuwa na jibu la haraka. Na mimi nimelelewa hapo hapo. Mwaka 1982, Wanyarwanda walipofukuzwa katika mashamba yao ya Ankole, mama alinileta Nakivale mgongoni nikiwa na miaka miwili. Shule ya msingi nilisoma chini ya mti, sekondari nikaenda Mbarara mjini. Wazazi walirudi Rwanda mwaka 1994, mimi nikafuata nilipomaliza masomo. Safari hii nilivuka mpaka pale Mirama Hills pamoja na kina mama wafanyabiashara, nikalala Mbarara, asubuhi nikapanda gari la kwenda kambini kuwaona walionifundisha.

Basi nilimkalisha yule kijana kivulini, nikamsimulia kisa ambacho mwalimu wetu alitusimulia sisi: kisa cha John Akii-Bua.

Akii-Bua alizaliwa mwaka 1949 huko Lango, kaskazini mwa Uganda, katika familia ya chifu mwenye wake kadhaa na watoto zaidi ya arobaini. Aliingia polisi, na huko ndiko miguu yake ilikoonekana. Kocha Malcolm Arnold, Mwingereza, alimhamishia katika mbio za meta 400 kuruka viunzi. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alimaliza wa nne. Hakukata tamaa. Alifanya mazoezi akiwa amevaa fulana yenye vyuma vizito, akiruka viunzi virefu kuliko vile vya mashindano.

Kisha ikaja Olimpiki ya Munich. Septemba 2, 1972, alipangwa kukimbia njia ya kwanza, ya ndani kabisa, ambako kona ni kali na mkimbiaji wa viunzi hupata taabu. Bingwa mtetezi, David Hemery wa Uingereza, aliondoka kwa kasi kubwa. Akii-Bua alimfikia, akampita, akamaliza kwa sekunde 47.82. Ilikuwa rekodi ya dunia, na hapakuwa na mtu aliyewahi kushuka chini ya sekunde 48 kabla yake. Ralph Mann wa Marekani alikuwa wa pili, Hemery wa tatu. Akii-Bua hakutoka uwanjani. Aliendelea kuzunguka akipungia watu mkono na kuruka viunzi vilivyobaki kwa furaha tu.

Michezo hiyo hiyo ilikuwa ya heri kwa Afrika Mashariki. Siku chache baadaye Wakenya wanne, Charles Asati, Hezekiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang, walitwaa dhahabu ya meta 400 kwa kupokezana vijiti. Hapo kijana wangu akakitazama kipande chake cha bomba, akatabasamu.

Nyumbani Uganda, Akii-Bua alipewa nyumba, na barabara moja ya Kampala ikaitwa kwa jina lake. Lakini aliyekuwa akimkumbatia hadharani ni Idi Amin, ambaye askari wake walikuwa wakiwaua watu wa Lango na Acholi. Ndugu zake mwenyewe hawakusalimika. Kwa serikali alikuwa pambo, na kwa baadhi ya majirani alionekana mtu wa Amin. Mwaka 1976 alitarajiwa kukutana na Mmarekani Edwin Moses huko Montreal, lakini Uganda ikaungana na nchi nyingi za Afrika kususia michezo hiyo, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Moses alishinda, na rekodi ya Akii-Bua ikaondoka bila yeye kuwepo uwanjani kuitetea.

Mwaka 1979 utawala wa Amin ulipoanguka, bingwa huyo aliichukua familia yake akavukia Kenya. Yule ambaye Munich nzima ilimsimamia kumpigia makofi sasa aliwekwa kambini na wakimbizi wengine. Kampuni ya viatu ya Puma, ambayo viatu vyake alikuwa akikimbia navyo, ndiyo iliyomtoa na kumpeleka Ujerumani, ikampa kazi. Mwaka 1980 alikimbia tena kwa jina la Uganda kwenye Olimpiki ya Moscow, akaishia nusu fainali. Miaka ilikuwa imekwenda.

"Alirudi kwao?" kijana aliuliza.

Alirudi mwaka 1983. Akarejea polisi, akawafundisha vijana riadha. Nilikuwa mwanafunzi Mbarara mwaka 1997 redio ilipotangaza kwamba amefariki Kampala, akiwa na miaka 47. Serikali ilimzika kwa heshima za kitaifa. Uganda haikupata dhahabu nyingine ya Olimpiki hadi Stephen Kiprotich aliposhinda mbio za marathoni London mwaka 2012, miaka arobaini baada ya Munich.

Tuliorudi tunakijua vizuri kipande hiki cha mwisho. Niliporudi nyumbani, ofisi moja ilikigeuzageuza cheti changu cha shule, ikaniambia haiitambui shule hiyo. Nilikaa miezi bila kazi kwa sababu ya muhuri. Akii-Bua alipoteza nyumba, cheo na majirani, lakini 47.82 ilikuwa imeandikwa. Puma walijua wanamtoa nani kambini. Ofisi yoyote duniani ingeweza kuuona muda huo kwenye kitabu bila kumwomba muhuri.

Kuhusu jezi, nilimweleza kijana kwamba leo kuna mlango ambao enzi za Akii-Bua haukuwepo. Tangu Olimpiki ya Rio mwaka 2016 kuna timu ya wakimbizi. Mwaka huo ilikuwa na wanamichezo kumi, watano wao wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma, Kenya, na wawili wanajudo wa Kongo waliokuwa wakiishi Brazil. Paris mwaka 2024, Cindy Ngamba, mzaliwa wa Kamerun, aliipatia timu hiyo medali yake ya kwanza, shaba ya ndondi.

"Mimi nimekimbia kwa muda gani?" akauliza.

Hakuna aliyejua. Uwanja mzima haukuwa na saa ya kupimia. Watoto hukimbia kila jioni, na giza likiingia hakuna kinachobaki kimeandikwa. Walimu wenzangu wa pande zote za mpaka, na nyinyi mnaovuka na bidhaa kila wiki, saa ya namna hiyo inaingia mfukoni. Simu pia inatosha.

Tulipima hatua, tukachora mstari kwa majivu. Nilitoa simu yangu, akakimbia peke yake, wenzake wakinyamaza. Kisha nikaandika kwenye daftari lake umbali, muda, tarehe na mahali, nikatia sahihi.

Aliusoma ukurasa ule mara mbili. Halafu akaniomba nimwandikie na ule wa Akii-Bua, chini ya wake.