Katani yaingia vyumba vya wageni

Katani, zao la siku nyingi wilayani Kilosa, huuzwa zaidi kwa robota, ingawa faida kubwa imo kwenye zulia. Anayelenga hoteli za Mikumi, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Iringa, aelewe kwanza kasoro yake: singa za katani hunyonya maji. Zulia likilowa huingia doa na kujikunja. Kwa hiyo linafaa mapokezi, ofisi na vyumba vya kulala. Kuliweka bafuni ni hasara tupu. Kwenye korido yenye viatu vingi (na vumbi la kiangazi Mikumi halikosi) hudumu. Bei iulizwe kwa mita ya mraba. Kingo zikaguliwe: zisiposhonewa kitambaa hufumuka mapema, na hapo ndipo wauzaji hubania gharama.