Je, Wajua? Siki Huyeyusha Ukoko wa Birika

Mlima Homa, unaoinuka kando ya Ghuba ya Winam kaunti ya Homa Bay, ni volkano ya kale yenye miamba mingi ya kalsiamu kaboneti. Ndiyo chokaa ile ile inayoganda, nyeupe na ngumu, ndani ya birika la chai maji ya kisima yakiwa magumu. Usiikwangue kwa kisu! Changanya siki na maji kiasi sawa, pasha moto, acha nusu saa. Utaona vipovu vikipanda: asidi inageuza chokaa kuwa gesi na chumvi inayoyeyuka. Suuza vizuri. Birika la alumini lisilazwe na siki usiku kucha, maana huliwa. Na tafadhali, usichanganye kamwe siki na klorini ya kufulia. Hutoa gesi ya sumu inayochoma mapafu.