Njia za Msitu wa Rungwe

Mtu asafiriye kutoka mji wa Mbeya kwenda Ziwa Nyasa hupita katika nchi ya milima iitwayo Rungwe, kusini-magharibi ya Tanzania. Barabara hupanda, kisha hushuka, hata ikafika mji wa Tukuyu. Na kando yake abiria huona migomba, mibuni na mashamba ya chai. Lakini mambo mazuri kupita yote ya nchi ile hayaonekani barabarani. Yako maporomoko ya maji, liko ziwa lililofichwa ndani ya mlima, na uko msitu akaamo kima ambaye wataalamu hawakumjua mpaka juzi. Mwenye kutaka kuyaona hayo hana budi kushuka garini na kufuata njia nyembamba kwa miguu.

Katika somo hili tutazifuata njia tatu, tukianza chini na kuishia juu. Na tunapokwenda, tujiulize swali moja: Maji haya yatoka wapi, na ni nini kiyatunzacho?

Nchi iliyofanywa na moto

Milima ya Rungwe ni milima ya volkano. Zamani sana ardhi ilipasuka, na mawe yaliyoyeyushwa kwa moto yakatoka kama uji uchemkao, pamoja na majivu mengi. Mlima Rungwe wenyewe ulijengwa hivyo, tabaka juu ya tabaka, na leo kilele chake kina urefu wa karibu mita 2,960 juu ya usawa wa bahari. Mlima Kiejo, jirani yake, ulitoa moto yapata mwaka 1800. Na kwa hesabu ya milima, hiyo ni kama jana.

Majivu yale yamegeuka kuwa udongo wenye rutuba, ndiyo sababu migomba ya Wanyakyusa hustawi sana. Udongo huo hunywa maji upesi, lakini ukivuliwa majani yake huchukuliwa na maji upesi vilevile. Neno hili tulikumbuke, maana litatufaa mbele.

Njia ya kwanza: maporomoko

Kusini ya Tukuyu yako maporomoko ya Kaporogwe. Njia hupita kati ya mashamba na kushuka bondeni, na mwendaji husikia ngurumo kabla hajaona kitu. Halafu huona mto ukifika ukingoni mwa mwamba na kujitupa chini, na rasharasha zake zikilowesha majani pande zote. Nyuma ya maji mna pango, hata mtu aweza kusimama ndani yake na kuyatazama maji yakianguka mbele ya macho yake kama pazia.

Pango la namna hiyo hufanyika hivi. Uji wa moto ukipoa huwa mwamba mgumu, na chini ya mwamba mara nyingi huwapo tabaka laini. Maji huanza kula lile tabaka laini, na mwamba mgumu hubaki juu kama paa la kibaraza. Miaka ikipita mingi, paa nalo huvunjika na kuanguka. Basi asidhani mtu ya kuwa ukingo wa maporomoko ni mahali pa kuchezea. Jiwe lililo imara machoni laweza kuwa halina kitu chini yake, tena huteleza kwa ukungu na kuvu.

Katika mto Kiwira liko ajabu jingine. Hapo mwamba umevuka mto toka ng'ambo hata ng'ambo, na watu huuita Daraja la Mungu. Hakuna fundi aliyelijenga. Uji wa moto ulimiminika mtoni ukapoa na kuwa jiwe, na maji yakajipatia njia chini yake.

Njia ya pili: ziwa

Tukirudi kaskazini ya Tukuyu na kuiacha barabara kuu, twaingia njia ya Ziwa Ngozi. Kwanza twapita mashamba ya viazi, kisha miti inatufunika. Njia inakuwa kali, na mahali pengine mtu hupanda kwa kushika mizizi. Baadaye, ghafula, hakuna tena pa kupanda. Tumesimama juu ya ukingo, na chini kabisa, kati ya kuta zilizovaa msitu, ziwa limelala kimya. Urefu wake ni karibu kilomita 2 na nusu.

Ziwa hili lilipatikanaje juu ya mlima? Volkano ilipotoa moto wake kwa nguvu, ndani pakabaki patupu, na kilele kikadidimia kama paa la nyumba iliyooza nguzo. Mahali palipodidimia pakawa bakuli kubwa, na mvua ikalijaza. Hakuna mto utokao katika ziwa hili.

Wazee wa nchi husimulia hadithi za nyoka mkubwa akaaye majini humo. Hadithi hizo zimewafanya watu wengi wasishuke ovyo penye ule mteremko; na hakika hapana haja ya nyoka kumwangamiza mtu, kwa kuwa mteremko wenyewe watosha. Uzuri wa Ngozi waonekana vema kutoka ukingoni.

Njia ya tatu: mlima

Njia ya tatu ndiyo ndefu, nayo huchukua mchana kutwa kupanda na kushuka. Mpandaji hupita kwanza katika msitu wa miti mirefu, kisha penye mianzi, na juu kabisa penye nyasi na vichaka vifupi, ambapo baridi hupenya nguo.

Katika msitu huo hukaa kipunji, kima mwenye manyoya marefu ya hudhurungi na shungi kichwani. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua tangu zamani na kumtaja kwa jina, lakini wataalamu walimwona mara ya kwanza mwaka 2003, na habari zake zikatangazwa mwaka 2005. Walipomchunguza vizuri wakaona ya kuwa hafanani na ukoo wowote wa kima uliojulikana, wakampa ukoo wake peke yake mwaka 2006, wakiuita kwa jina la mlima huu. Tangu mwaka 1923 ukoo mpya wa kima haukuwa umepatikana katika Afrika. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilionyesha kipunji yapata 1,100 tu. Hao huishi katika misitu ya Rungwe na Kitulo, na katika msitu mmoja wa milima ya Udzungwa. Nje ya Tanzania hawapo kabisa.

Msitu na maji

Sasa twaweza kulijibu swali letu. Mvua ikinyesha juu ya msitu haipigi udongo kwa nguvu, kwa kuwa majani huipokea kwanza. Huanguka polepole juu ya majani makavu yaliyooza, nayo huinywa kama sifongo. Mizizi imefungua udongo, na maji huzama ndani yake, yakaenda chini kwa chini hata yakatokea mbali kuwa chemchemi. Hata siku zisizo na mvua, ukungu hushika juu ya kuvu na matawi, ukadondoka tone kwa tone. Kwa hiyo mto hutiririka hata miezi ya kiangazi.

Lakini msitu ukikatwa, mvua ileile huupiga udongo mtupu na kukimbia juu yake. Siku ya mvua mto hujaa tope na kuharibu mashamba. Siku ya jua hukauka. Mvua haikupungua, bali ghala ya maji imebomolewa.

Wala hasara hiyo si ya watu wa mlimani peke yao. Maji ya Rungwe yashukayo kusini huenda Ziwa Nyasa kwa mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Maji ya upande wa kaskazini wa milima ya Poroto hushuka Usangu, yakaingia mto Ruaha Mkuu, ambao huzungusha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Mtu awashaye taa mbali sana na Rungwe huenda ana deni kwa miti asiyoijua.

Namna ya kwenda

Msitu wa Mlima Rungwe ni hifadhi, basi mgeni sharti apate ruhusa kwa walinzi wake na kufuatana na kiongozi aijuaye njia. Aondoke asubuhi mapema, achukue nguo ya baridi na ya mvua, na viatu visivyoteleza. Miezi mizuri ni ile ya ukavu, tangu Juni hata Oktoba.

Njia ya mlimani hupinda huku na huku, na mwenye haraka hutamani kukata katikati ili afike upesi. Asifanye hivyo. Nyayo za watu wachache hung'oa majani, mvua hufuata alama ile, na mwaka wa pili njia ya mkato imekuwa korongo. Je, mmekumbuka udongo wa majivu? Aliyefupisha safari kwa dakika tano amefungua kidonda kisichopona upesi.

Ukungu ukishuka na njia isionekane, mtu akae pale alipo na kuita wenzake. Asifuate mto kwa kudhani utamfikisha nyumbani, maana maji hayaogopi genge, nayo huruka mahali ambapo mtu hawezi kuruka. Mwenda pole hajikwai, na aliyetulia hutafutwa akaonekana.

Basi, mtoto uchotaye maji kisimani au mtoni, siku moja uliza wazee maji hayo yatoka mlima gani, na kama miti yake ingali imesimama. Ikiwezekana, ifuate njia ya kwenda huko pamoja na mtu mzima, ukaone kwa macho yako.

Maswali
1. Kwa nini ni hatari kusimama ukingoni mwa maporomoko?
2. Eleza jinsi Ziwa Ngozi lilivyofanyika.
3. Mto utokao msituni hukosaje kukauka wakati wa kiangazi?
4. Njia ya mkato huleta madhara gani mlimani?